Spoti Mbili Zilizokwenda Kumwoza Zainabu

Tangu nirudi Dodoma sijashika spana kwa raha. Kila anayeingia gereji ana swali lilelile: "Lipi lilishinda?" Mzee wa duka la vipuri ng'ambo ya barabara ameniuliza mara tatu, na kila simulizi yangu ikifika Manyoni anapata mteja. Basi nimeamua kuandika. Mpitishiane wenyewe, mniache nifanye kazi.

Kwa asiyejua chanzo: mimi nina kale kagari kangu kekundu ka viti viwili, kasiko na paa isipokuwa turubai. Kana umri mkubwa kuliko binti yangu, na kwa wepesi wake mke wangu hukaita sufuria. Nimekafungua na kukafunga mara nyingi kiasi kwamba sijui tena kipi kilitoka kiwandani na kipi kilitoka mikononi mwangu. Shemeji yangu Kassimu, mdogo wake mke wangu, Mama Zainabu, ni injinia wa umeme. Mwaka huu kaleta spoti ya umeme, nyeusi, ya viti viwili vilevile, yenye paa la kioo. Siku ya kwanza aliiingiza gereji kwangu kimya, tukashtuka imesimama nyuma yetu kama mdai.

"Shemeji," aliniambia mbele ya wateja wangu, "miaka kumi ijayo wewe watakuweka makumbusho, na hilo sufuria lako pembeni."

Nikamjibu kwamba lake si gari, ni friji lililopata matairi. Wateja walicheka. Mimi nilicheka pia, lakini usiku ule sikula vizuri. Mwanamume aliyelea watoto wanne kwa kusafisha kaburaita hapendi kusikia kwamba kaburaita imekufa.

Katikati ya malumbano hayo Zainabu, binti yetu wa kwanza, muuguzi kule Kigoma, akatutangazia ndoa. Nikahi ingefungwa Ujiji, siku ya Ijumaa baada ya swala ya alasiri, nami ndiye walii wa kumwoza. Mama Zainabu alipanda treni mapema na mizigo yote. Mlangoni alitugeukia: "Nyie njooni na midoli yenu. Mkichelewa, nitamwoza kwa simu."

Mimi na Kassimu tukawekeana masharti. Gari litakalofika nyumbani kwa wakwe zangu Rusimbi, Kigoma mjini, kwa magurudumu yake lenyewe, bila kuvutwa wala kubebwa, ndilo litakalompeleka bibi harusi Ujiji. Tulipeana mikono kwa uzito, kama wakuu wa nchi.

Dodoma hadi Tabora: Injini iko wapi?

Tulitoka Jumanne alfajiri. Kwenye lami ya kunyooka Kassimu alinipita kama nimeegesha. Hakukuwa na mlio, hakukuwa na moshi, ni upepo tu uliotikisa turubai langu. Nikamkuta mbele amesimama, ananisubiri huku anakula muhogo wa kuchoma. Akaondoka tena. Hivyo ndivyo tulivyokwenda: yeye anaruka na kungoja, mimi nakuja na kelele zangu. Lakini kwenye kona na mashimo nilimpata kila mara. Lake lilikuwa linavunja mwendo kwa hofu, kwa sababu betri yake imelala chini sakafuni na ina uzito wa ng'ombe wawili. Mimi nilikuwa napitisha gurudumu baina ya mashimo kama mtu anayeruka madimbwi na viatu vya Idi.

Kabla ya Itigi askari wa usalama barabarani, dada mmoja mpole mwenye miwani, alitusimamisha wote wawili.

"Zima gari," alimwambia Kassimu.

"Limezimwa, afande."

"Na lilipokuwa linakuja?"

"Lilikuwa limewaka."

Dada yule akasikiliza. Akaliwasha mwenyewe, akalizima, akaliwasha tena. Yote sawa, kimya. "Fungua boneti nione namba ya injini."

Kassimu akafungua. Ndani ya boneti mlikuwa na sanduku la nguo, jozi ya viatu na kapu la vitenge alivyotumwa na dada yake. Askari alitazama vitenge kwa muda mrefu. Kisha akaniangalia mimi, mtu mzima mwenye mafuta kwenye kucha, kama anayeomba msaada. "Baba, huyu ni mwenzako?"

"Ni shemeji yangu," nikasema. "Tunamvumilia."

Alitucheka, akaturuhusu. Lakini Tabora ndipo nilipocheka mimi. Kwenye nyumba ya wageni Kassimu alichomeka kebo yake dirishani, akaingia kulala. Kila mhudumu alipowasha pasi, swichi kuu ilikatika na jengo zima likazima. Wageni walipiga kelele, Kassimu alitoka na taulo kwenda kuirudisha, mhudumu akaanza tena kunyoosha mashuka. Hawakujua kwamba wao wawili ndio wanaogombana. Mimi nilikula wali na mchuzi wa uyoga wa porini, nikalala kama mtoto.

Baada ya Kaliua: Kwenye foleni ya mashine

Kwa usiku ule wa pasi, gari la Kassimu liliondoka Tabora na njaa. Kaliua tuliipita, na kijiji kimoja mbele yake akanipungia mkono nisimame. Kioo cha dashibodi yake kilikuwa kimeanza kumwonya kwa rangi nyekundu.

Ukiwa fundi, hata ukimchukia mtu, gari lake likikwama unaanza kufikiri. Nilimwambia: mashine ya kusaga ina umeme mkubwa. Tukaiona, banda la bati jeupe kwa unga, na kina mama wamejipanga na madebe ya mahindi na muhogo. Mwenye mashine, mzee mchangamfu, alikubali Kassimu aunganishe kebo yake kwenye umeme wa mota, ila kwa sharti moja: afuate foleni.

Basi injinia akakaa kwenye foleni. Mama aliyekuwa mbele yake akamgeukia.

"Na wewe una debe ngapi?"

"Sina debe, mama. Nasubiri kulijaza lile gari."

"Kulijaza unga?"

"Umeme."

Habari ikarudi nyuma ya foleni ikabadilika njiani. Ilipofika mwisho, bibi mmoja aliinuka akaniuliza kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kiha kama ni kweli tumeleta gari linalosaga. Nilisema ndiyo, linasaga barabara. "Ego," akakubali, akaketi.

Zamu ya Kassimu ilipofika, mashine ilibidi isimame gari likinywa. Dakika za kwanza kina mama walistaajabu. Saa ya kwanza walinung'unika. Saa ya pili mmoja alimwambia Kassimu kwamba watoto wake hawali umeme. Kuwatuliza ikabidi niwapakie kwa zamu kwenye gari langu, mmoja mmoja na debe lake mapajani, niwarudishe majumbani mpaka mashine iwashwe tena. Nilivuma sana siku ile. Walikuwa wanashika kitambaa cha kichwa kwa mkono mmoja na debe kwa mkono mwingine, wanapiga vigelegele kwenye matuta.

Niliporudi safari ya mwisho, Kassimu alikuwa ndani ya gari lake anaongea na simu kwa sauti ya spika. Mlango ulikuwa wazi. Sauti ilikuwa ya Zainabu.

"Mjomba, tafadhali, hilo lako lisikose kufika. Mimi nimepanga kupanda hilo. Ila usimwambie baba, nitamwambia mwenyewe."

Kassimu akaniona. Akakata simu, akatazama usukani. Mimi nikafuta unga kwenye kiti changu, polepole, kiti kile ambacho nilikishona upya mwezi mzima kwa ajili ya siku ya Zainabu.

Malagarasi hadi Uvinza: Kubadilishana

Tulikwenda hadi ng'ambo ya daraja la Malagarasi bila kupitana. Hapo Kassimu alisimama, akaja dirishani kwangu na ufunguo wake mkononi.

"Shemeji, endesha langu. Mimi niendeshe lako. Mpaka Uvinza tu."

Nilijua anataka kunipoza. Nikataka kukataa, ila mkono ukanitangulia.

Niseme ukweli, maana ndio nilioombwa. Nilikanyaga, na tumbo langu likabaki Malagarasi. Kwa miaka yote nimefundisha vijana wangu kwamba kasi ina hatua: gia, klachi, gia, mlio unapanda, na wewe unapanda nao. Lile halina hatua. Unafikiri, na tayari umefika. Nilipunguza, nikafikiri tena, nikafika tena. Hakuna aliyeniona, nashukuru, kwa sababu nilikuwa natabasamu kama mpumbavu. Kisha ikaja kona ndefu, nikasikia uzito wote ukisogea upande kama pipa la maji kwenye mkokoteni, na usukani haukuniambia chochote. Gari langu huniambia kila jiwe. Lile lilinificha mambo kwa adabu, kama mtumishi wa hotelini. Nilirudi mwendo wa kistaarabu.

Nikatazama kioo cha nyuma. Kassimu hayupo.

Niligeuza. Nilimkuta kando ya barabara, boneti juu, mvuke umemfunika mpaka kifuani. Shati lake jeupe lilikuwa limeloa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeua.

"Nimeliua, shemeji. Wallahi sijui nilifanya nini. Nilikuwa naliimbisha tu."

"Uliliimbisha vipi?"

"Gia ya tatu. Lilikuwa linaimba vizuri sana, sikutaka kubadilisha."

Ulikuwa mpira wa rejeta, umepasuka. Nikatoa kipande cha tyubu ya baiskeli, kisu na waya. Kassimu alishika huku, nikafunga kule, tukaunguza vidole, tukajaza maji ya kunywa yote tuliyokuwa nayo. Injinia alikuwa na masizi hadi puani. Nilipoliwasha na likakubali, aliruka. Aliruka kabisa, mtu wa miaka arobaini na kitu.

"La kwangu likiharibika," alisema, anafuta mikono kwenye suruali, "linaniandikia kwenye kioo nimpigie mtu. Na mtu mwenyewe yuko Dar."

Nilimrudishia ufunguo wake. Sikumwambia kuhusu lile tabasamu. Naye alishika mlango wangu kidogo kabla ya kuuachia, kama mtu anayeaga.

Uvinza tulilala. Kebo yake iliingia dirishani mwa nyumba ya fundi wa kuchomea mageti, na hakuna aliyekuwa na pasi. Mama wa mgahawa alitupa ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, na Kassimu alipoomba chumvi alimcheka mpaka akashika meza. "Uko Uvinza, mji wa chumvi, unaniomba chumvi? Chota hata ndoo." Tulikula kwenye sahani moja. Habari ya simu ya Zainabu hatukuigusa.

Katonga: Linabeba matenga mangapi?

Alhamisi mchana tulishuka vilima vya Kigoma na ziwa likatokea chini yetu, bluu mpaka Kongo. Kwenye zile kona za kushuka nilimwacha Kassimu mbali sana, nataka hilo liandikwe. Mjini akanipata, kwa sababu nilisimama kupokea simu ya Mama Zainabu. Hakuuliza tumefikaje. "Pitieni mwaloni Katonga mchukue migebuka na dagaa wa karamu ya walima. Wageni ni wengi kuliko tulivyodhani. Msije mikono mitupu."

Tukateremka mwaloni. Mitumbwi ilikuwa imevutwa juu, dagaa wameanikwa wanameta, na magari yetu mawili yakaingia katikati kama watalii. Wavuvi walituzunguka. Mmoja kifua wazi, wenzake wakimwita Mzee Bilali ingawa hakuwa mzee, aliyakagua yote mawili kwa heshima, akainama, akachungulia nyuma ya viti.

"Hili linabeba matenga mangapi?"

"Halibebi tenga," nikasema.

"Na hili?"

"Nusu," akasema Kassimu. "Kwenye boneti. Ukitoa vitenge."

Mzee Bilali akatutazama kwa huruma. "Sasa mmetoka nayo Dodoma kuja kufanya nini?"

Samaki wakapakiwa kwenye bodaboda moja, matenga mawili na kiroba cha dagaa juu yake, ikaondoka bila hata kuyumba.

Kassimu alipotaka kugeuza, gurudumu la nyuma likachimba mchanga. Akakanyaga. Nguvu ile iliyoacha tumbo langu Malagarasi ililichimbia kaburi gari lake kwa sekunde mbili. Wavuvi kumi wakaliinamia, wakahesabu, wakainua. Halikutikisika. Wakaja wengine. Halikutikisika. Ikabidi ije kamba ya kuvutia mitumbwi, na wanaume wote wa mwalo wakalivuta kwa wimbo, wakiitikia kwa Kiha, mpaka likatoka limejaa mchanga milangoni.

"Umevutwa," nikamwambia. Sikuweza kujizuia. "Masharti ni masharti."

Mzee Bilali akasikia neno masharti, akataka kuelezwa. Nikamweleza, kwa majivuno kidogo, kwamba langu ni jepesi, halivutwi. "Jepesi?" akasema. Akapiga mluzi. Wakaja wale kumi, wakalishika langu huku na huku, mimi bado niko ndani, wakalinyanyua kwa kicheko, wakaligeuza likatazama mjini, wakaliweka chini taratibu.

Kassimu alikuwa ameegemea gari lake, mikono kifuani. Sijamwona na furaha vile.

"Umebebwa, shemeji."

Rusimbi: Ijumaa bila umeme

Tulifika kwa wakwe zangu, mimi na Kassimu wote tumeshashindwa. Nyumba ilikuwa imejaa, turubai limefungwa uani, sufuria kubwa kuliko gari langu ziko mafigani. Kassimu alikuwa amefika na betri iliyobakiza pumzi tu, akachomeka kebo na kusema mpaka asubuhi litajaa. Jua lilipozama umeme ukakatika mtaa mzima.

Zainabu alinikuta nimekaa kwenye gari langu uani. Mikono yake ilikuwa na hina mbichi, ameinyoosha mbele kama mtu anayesukuma ukuta. Akakaa kiti cha abiria.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Mjomba kasema ulisikia."

Nikafuta vumbi kwenye usukani.

"Baba, unajua nitavaa mtandio wa namna gani kesho? Mita tatu. Mama mkwe ndiye kauleta. Na somo yangu atanitengeneza kichwa kuanzia adhuhuri. Niingie humu, upepo wa barabara ya Ujiji na vumbi lake, nifike kwa wakwe kama mtu aliyeokolewa ziwani?"

Nilimtazama. Siku mbili nilikuwa nimebeba kifuani jambo kubwa: kwamba binti yangu amenionea aibu, kwamba zama zimenipita, kwamba hata nyumbani mwangu kaburaita imekufa. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa kitambaa.

"Ulidhani nini?" akauliza.

"Nilidhani hivyohivyo," nikasema.

Alicheka, anajua baba yake ni mwongo, akaniegemea bega bila kunigusa kwa mikono ile.

Ijumaa alfajiri umeme haukuwa umerudi. Lilikuwepo jenereta la jirani, ila petroli yake iliishia kwenye friji la vinywaji. Kituo cha karibu pampu zilikuwa zimelala, na cha pili foleni ya bodaboda ilikuwa imezunguka kona. Kassimu alikuwa amesimama kando ya gari lake na kebo mkononi kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi aliyekufa. Hakuniomba. Angeniomba ningemzungusha kidogo, kwa utani tu. Hakuniomba, ndiyo maana sikuweza kukaa.

Nilichukua mpira, nikafungua tangi langu, nikavuta kwa mdomo. Mnajua ladha yake. Petroli yangu yote, hadi ile ya chini yenye uchafu, niliihamishia kwenye jenereta. Kassimu aliniangalia nikimwaga.

"Shemeji, la kwako litabaki hapa."

"Najua litabaki hapa."

"Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo friji lako linatembea kwa petroli. Nenda kawaambie makumbusho."

Akataka kucheka, ikamshinda. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akashindwa kuuachia. Jenereta likanguruma tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka adhuhuri, likilinywesha gari lisilo na mlio kwa kelele ya mtaa mzima.

Ujiji

Msikitini Ujiji nilifika kwa bajaji, kanzu imeshika vumbi magotini. Nilisukutua mara nne kabla ya kutawadha, lakini nilipopeana mkono na bwana harusi, Idrisa, mbele ya sheikh niliona pua ya kijana ikicheza. Idrisa ni nahodha wa boti ya abiria inayopeleka watu vijiji vya kaskazini mwa ziwa ambako barabara haifiki. Kijana mrefu, mpole, mtu wa maneno machache kiasi cha kutia wasiwasi. Nikamwoza binti yangu nikinuka petroli. Yeye akajibu "nimekubali" kwa sauti ndogo hata sheikh akamwomba arudie kwa ajili ya mashahidi.

Tukarudi Rusimbi kumchukua bibi harusi. Gari la Kassimu lilikuwa limeoshwa, lina maua ubavuni, na betri ilitosha kwenda Ujiji na kurudi. Zainabu akatolewa, mita tatu zote ziko mahali pake. Idrisa akasogea. Kassimu akafungua mlango, akakaa kwenye usukani.

Mama Zainabu ndiye aliyehesabu. Alihesabu kwa kidole, taratibu, kama anahesabu mayai. "Bwana harusi. Bibi harusi. Dereva." Kisha akaelekeza kidole ndani ya gari. "Viti viwili."

Uwanja mzima ukatugeukia. Wanaume wawili, injinia na fundi, tumevuka nusu ya nchi tukibishana ni gari lipi litakalobeba maharusi, na hakuna hata mmoja wetu aliyehesabu viti.

"Bwana harusi aendeshe," akasema Kassimu, anatoka haraka.

Idrisa akarudi hatua moja. "Mjomba, mimi chombo ninachokijua hakina breki."

Shangazi wakaanza kupendekeza majina ya madereva, kila mmoja mwanawe. Katika zogo lile sauti ikatoka chini ya mtandio.

"Nipeni ufunguo."

"Bibi harusi aendeshe?" shangazi mkubwa akashika kifua. "Watasemaje Ujiji?"

"Watasema amefika," akajibu Mama Zainabu, na ufunguo ukapita mikononi mwa watu mpaka kwenye ile mikono yenye hina.

Walitoka kimya, vioo vimefungwa. Kina mama walifuata kwenye lori na madufu yao. Mimi na Kassimu, wenye magari mawili ya kasi, tulipanda bajaji moja nyuma kabisa, tumebanana, tunakula vumbi la wote.

Kwa wakwe wa Zainabu hakuna aliyewasikia wakifika. Wanawake waliopangwa kupiga vigelegele walikuwa bado ndani. Mama mkwe alitoka kumwaga maji, akakuta bibi harusi anashuka mlango wa dereva na mwanawe anashuka mlango wa abiria, akasimama na beseni mkononi. Kisha akapiga kigelegele peke yake, kirefu, mpaka mtaa ukaamka.

Nilisubiri watu wapungue, nikamsogelea Zainabu. Nilikuwa na swali lilelile lenu.

"Haya, wewe ni binti wa fundi. Likoje?"

Alifikiri. "Sijui, baba. Sikulisikiliza. Idrisa alikuwa anaongea."

"Idrisa?"

"Kutoka Rusimbi mpaka hapa. Hajanyamaza. Kanieleza habari za marehemu baba yake, na boti ya kwanza, na jinsi alivyoogopa kuja kuniposa. Sijawahi kumsikia akiongea hivyo." Akacheka kidogo, akalitazama lile gari jeusi. "Nilikuwa naendesha polepole asije akamaliza."

Nilisimama pale na kanzu yangu ya vumbi. Nilikumbuka miaka yote niliyompakia mama yake kwenye gari langu jekundu, Jumapili kwa Jumapili, upepo usoni na ekzosi ikiimba. Tulikuwa tukizungumza kwa kupiga kelele: "Nini?" "Nimesema hivi!" "Sisikii!" Na tukifika, tulikuwa tumeshasahau tulichotaka kusema.

Tuliporudi Rusimbi nikaingia uani kumtafuta Mama Zainabu. Nilimkuta anachambua migebuka. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye, nikamuuliza safari yake ya treni ilikuwaje.